Amne, Mshika Ufunguo wa Bi Ashwaq

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Al Twar, katika nchi ya Kiarabu. Bi Ashwaq anautikisa mlango wa mbele kwa mikono miwili, mara ya sita tangu anywe chai. Amne amesimama nyuma yake, ufunguo mfukoni.

"We mtoto, nifungulie!"

"Mama, jua kali."

"Jua limeanza leo? Na mlango huu umefungiwa nani, mimi au wewe?"

Amne anacheka, ila macho hayacheki. Ana miaka 34, mzaliwa wa Kilifi, mama wa watoto wawili. Kwa dirhamu 1,800 kwa mwezi anamtunza bibi huyu wa miaka 81, mzaliwa wa Unguja. Maradhi ya kusahau yamemfutia Kiarabu chote. Kimebaki Kiswahili cha utotoni.

Mlango ulianza kufungwa Agosti iliyopita, Bi Ashwaq alipotoka adhuhuri akaokotwa kando ya barabara kuu, amezimia kwa joto. "Bora anichukie akiwa hai," husema mwanawe, Thuwein.

Lakini Thuwein alipoomba mahakamani awe msimamizi wa mama yake, hakimu hakuipitisha kufuli hiyo kimyakimya. Alimtuma mtaalamu, Arwa, akaone kama kuna njia nyepesi zaidi ya kumlinda. Arwa hajui Kiswahili. Akamwomba Thuwein atoke sebuleni, Amne atafsiri.

Thuwein ndiye kafeel wa Amne, mdhamini wa viza yake. Akikasirika, khalas, safari ya Kilifi.

"Muulize anataka nini," alisema Arwa.

"Nataka kutoka," alijibu Bi Ashwaq. "Nimemkosea nani?"

"Ningesema anataka chai, nani angejua?" anasimulia Amne, akisokota ncha ya mtandio. "Nikatafsiri vilevile. Kisha nikaongeza langu: siku nne nilimtembeza uani asubuhi, na siku zote nne hakuugusa mlango."

Arwa alipoondoka, Thuwein aliuliza swali moja tu.

"Umemwambia anataka kutoka?"

"Nimemwambia, sir."

Tangu hapo ni salamu tu baina yao.

Uamuzi ni Jumatatu. Amne hatulii: anafuta meza iliyo safi, anachungulia simu, anafuta tena. Anachotaka ni saa moja ya matembezi kila siku kabla jua halijawaka, mkono wa Bi Ashwaq ukiwa mkononi mwake.

Jumapili iliyopita, siku yake ya mapumziko, alikwenda madukani Satwa akamnunulia Bi Ashwaq raba nyeupe, namba 37. Ziko uvunguni mwa kitanda, kamba ameshazipitisha.

"Hakimu akikataa, nitaomba tena," anasema. "Nikiwa bado nipo."