Siku Mama Alipokataa Samaki

Mama yangu alikuja kunitembelea London kiangazi kimoja mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka mmoja baada ya mimi kujifungua kwa upasuaji. Alitoka Mombasa na mfuko wa visheti na vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari, na tangu aliposhuka kwenye ndege mimi niliishi kwa hofu. Asije akapotea. Asije akateleza bafuni. Asije akaugua nikashindwa kumrudisha kwa baba akiwa mzima. Nilikuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee, na kazi ile humfundisha mtu kuona jeneza kila palipo na ngazi.

Siku yangu ya mapumziko nilimwachia mume wangu mtoto, nikampeleka mama kuiona ngome ya wafalme kando ya mto Thames. Alianza vizuri. Aliwatazama kunguru wanaofugwa pale, walishwao nyama na kulindwa, akacheka.

"Kwetu twawafukuza kwa mawe, huku wana askari wao!"

Kisha tukaingia kwenye mnara mkubwa. Ngazi zake ni za mawe, nyembamba, za kuzunguka, watu mbele na watu nyuma. Tulipofika katikati mama akasimama, akashika ukuta. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuguna.

"Wachoka, mama?"

"Si kitu. Ni hizi ngazi za mashetani."

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikamteremsha taratibu, nikijiambia ni njaa tu, maana sikumwona akitia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alikuwa ameniambia kwamba alikunywa chai kabla sijaamka, na vidonge keshameza.

Tulipotoka nje ya ngome, mlango wa karibu ulikuwa wa baa. Mama hakuwahi kukanyaga baa maishani mwake. Lakini baa za Waingereza mchana huuza chakula, mabibi hukaa humo na wajukuu zao, na samaki hana mambo ya kuchinjwa. Nikaagiza samaki na chipsi. Nikamwomba mwenye baa, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, asitupakie samaki ule unga wao uliokorogwa kwa bia. Akakubali bila kuuliza.

Sahani ikaja. Mama akaitazama, akaisukuma.

"Kula, mama. Huyu hana neno."

"Sitaki."

"Maji, basi?"

"Sitaki."

Nilidhani ni harufu ya pombe. Nikapandwa na hasira, ile hasira ya mtu mwenye hofu, nikamwambia hatutoki pale mpaka ale. Akainua uso. Jasho lilikuwa likimtiririka, na mle ndani kulikuwa na ubaridi. Midomo ilimtetemeka. Dalili hizo nilishaziona kazini mara nyingi: sukari ilikuwa imeshuka.

Nikakimbilia soda, nikamwekea glasi mdomoni. Akakaza meno, akageuza uso.

"Nina saumu."

"Saumu gani, mama? Ramadhani iko wapi?"

"Ya nadhiri. Nangoja jua litue."

Nikatazama dirishani. Jua la Julai lilikuwa juu kabisa, na wakati wa kiangazi London halitui hadi saa tatu usiku. Mama aliiweka nadhiri yake Mombasa, ambako mwaka mzima jua huzama mapema na mtu huijua saumu yake inaishia wapi. Alikuwa ameamka kimyakimya akala daku, akameza vidonge vyote kama kawaida, kisha akaja kupanda minara. Hakuniambia kwa sababu alijua ningemzuia.

Nikamsihi. Nikamwapia kwamba mgonjwa ana ruhusa. Hakunisikia tena. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, kichwa kikamlalia begani. Sijawahi kuogopa vile. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, katikati ya baa ya Waingereza. Mwenye baa akaja mbio na bakuli la sukari, akarudi kwenye simu kuita ambulansi. Nikachovya kidole, nikampaka mama sukari kwenye ufizi, tena na tena, huku nikisoma aya zote nilizozijua na kuzichanganya.

Mpaka akaning'ata.

Maumivu yale yalinifurahisha mno. Akafumbua macho, akanywa soda kidogo kidogo, machozi yakimtoka. Watu wa ambulansi walipofika wakampima, wakamwambia ale. Akala zile chipsi zilizopoa, moja moja.

"Umenifuturisha," akasema.

"Ulikuwa wafa, mama."

"Nadhiri yenyewe ilikuwa yako. Siku ile walipokuingiza kupasuliwa, mumeo alinipigia simu, kisha ikakatika. Nikakaa hata sijui u hai au umekufa. Nikasema, ukitoka mzima nitakufuata huko huko, nikuone kwa macho yangu, nami nifunge siku tatu. Leo ndiyo ya mwisho." Akaifuta midomo kwa kiganja. "Sasa nshaivunja. Wewe usije ukapatwa na neno."

Nikamwambia ataifunga tena akirudi nyumbani, daktari akimruhusu. Akanishika kifundo cha mkono, akakikaza. Kwenye ngazi za stesheni ya treni, tukirudi nyumbani, watu wakitupita pande zote, yeye aliyetoka kuzimia alikuwa bado amenishika, akiniambia kila ngazi niangalie nisianguke.