Siku salfa yangu ilipodhaniwa ni unga Likasi, kisa tetesi kwamba nchi imejitoa Jumuiya

Wakuu wa jukwaa hili, amani iwe kwenu.

Mimi humu ni msomaji. Nakula nyuzi za wenzangu nikiwa kwenye foleni za mpakani, nacheka peke yangu, nalala. Leo zamu yangu. Nitakachosimulia nilikiona kwa macho yangu na nilikivuta kwa pua yangu. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Naendesha semi kutoka bandarini Dar kwenda Katanga. Kushuka nabeba shaba, kupanda napewa mzigo wowote. Safari hiyo nilipakiwa salfa.

Kwa wasioijua: salfa ni punje laini za njano zinazotumika viwandani kutengeneza asidi ya kusafishia shaba. Inakuja kwenye mifuko mikubwa sana, ile inayonyanyuliwa kwa winchi. Ukiiangalia haraka haraka utadhani ni unga wa mahindi ya njano. Kumbukeni hilo.

Jua haliwezi kuiwasha. Moto unaweza. Na ikiwaka, moshi wake haukupi nafasi ya kusema hata "jamani". Bandarini tulifundishwa hivyo, tukasaini, tukaondoka.

Sasa, ile wiki kulikuwa na joto jingine. Kulizuka sauti kwenye magrupu ya simu, mwanaume anaongea kwa kujiamini kabisa, kwamba serikali ya Kongo imeshajitoa kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, mipaka itafungwa na mizigo ya nchi wanachama haitaingia tena.

Nani huyo? Mpaka leo sijui. Lakini iliruka kutoka mpakani Kasumbalesa mpaka Kolwezi kabla mimi sijamaliza kugongewa mihuri. Bosi nikampigia, akasema endelea. Bosi huwa anasema endelea.

Nilipoingia Likasi asubuhi maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Unga, ambao pale wanauita bunga, ulikuwa umeshaadimika toka siku za nyuma. Sauti ile ilipotoka ukapotea kabisa. Wenye nao waliuficha wakisubiri bei.

Karibu na njia ya kuingilia upande wa Shituru, ambako kiwanda kinapokea mzigo, nikakuta kumezibwa. Mbele yangu matairi yanawaka katikati ya barabara. Nyuma yangu likaja lori la vumbi la mawe kutoka machimbo ya Kakontwe, nyuma yake mengine. Nikawa nimebanwa. Huwezi kurudi, huwezi kwenda.

Wakina mama wa sokoni walikuwa wamekaa chini barabarani, wametandika vitenge. Hawakuwa wanapiga kelele. Walikuwa wamekasirika kimya kimya, na mimi hasira za kimya ndizo ninazoziogopa.

Mmoja akanyanyuka akaja kwenye mlango wangu. Mama wa makamo, mnene kiasi, msalaba mdogo shingoni. Aliitwa Mama Ngalula. Baadaye aliniambia baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi za mgodi, yeye kazaliwa hapo hapo Likasi. Anauza mchele na sabuni anazozifuata mwenyewe Tunduma, mpakani kwetu.

"Papa chauffeur, yambo. Weye unatoka kule Tanzania, utuambie kweli. Njo balisha kutukatala?"

Yaani anauliza kama tumeshawakataa.

"Mama, sijui. Nimesikia sauti ile ile mliyosikia ninyi."

Akatikisa kichwa. "Minye nilikuwa ninaenda Tunduma sawa muntu anaenda kwa dada yake. Leo banatutosha, na hakuna muntu alituuliza. Hata moja."

Kutosha kwao ni kutoa.

Lakini si wote walikuwa wanaililia Jumuiya. Kwenye lile lori la mawe nyuma yangu kulikuwa na vijana wapakiaji, weupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kandambili. Mmoja, wenzake wakimwita Kalenga, alikuwa ameshashuka na anatusikiliza.

"Acha batoke, mama!" akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Ile Jumuiya ilituletea nini? Magari yao inabeba shaba yetu kila siku. Inarudiaka na nini?"

Akapiga tela langu kwa kiganja. "Tutaona leo."

Nikamwambia mdogo wangu, hapo juu hakuna kitu cha kula. Kumbe kusema vile ndiyo nimeharibu. Ukimwambia mtu mwenye njaa hakuna chakula kabla hajauliza, amekwisha kujua kipo.

Akapanda. Nikasikia kisu kinapita kwenye turubai, kile kisauti cha kitambaa kinachochanika.

Halafu: "Bunga! Iko bunga ya manjano! Baliificha!"

Sijawahi kuona barabara inainuka vile. Wale mama waliokuwa wamekaa walinyanyuka kwa pamoja. Mabeseni yalitoka sijui wapi, ndoo, kofia, vitenge. Kalenga na wenzake wanachana mifuko, salfa inamwagika pembeni ya tela kama maji, na watu wanakinga chini.

Nilipiga honi. Nilipiga kelele kwa Kiswahili changu chote. "Si unga! Hailiwi! Mtakufa!"

"Bongo yako!" mtu akajibu. Kwao bongo ni uongo. "Unataka utuache na njala!"

Jiwe likaja likavunja kioo cha pembeni. Nikafunga mlango. Nitasema ukweli, mkono wangu ulikuwa kwenye gia. Lakini mbele ya matairi yangu kulikuwa na watu, na kuna mmoja ana mtoto mgongoni.

Nikampigia bosi. Hakupokea.

Pale ndani ya kichwa cha gari nikawaza mambo mawili. La kwanza, yale matairi yanayowaka hayako mbali na hii salfa inayomwagika. La pili lilinitia baridi zaidi: kuna wengine wameshajaza beseni, wanaondoka. Wanakwenda kupika.

Nikashuka.

Nilishikwa shati, nikavutwa, mtu akanipiga kibao cha kisogoni. Nikawa namtafuta Mama Ngalula tu, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeniuliza swali kabla ya kunituhumu. Nikamkuta ana beseni tupu mkononi. Alikuwa bado anasita.

Pembeni kulikuwa na mama anachoma mahindi kwenye mbabula, lile jiko lao la mkaa.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Chukua kidogo, kama chumvi tu, weka pale kwenye makaa. Kama ni unga utaungua kama unga. Ukiona ni unga, nipigeni."

Akanitazama. Akainama, akaokota kwa vidole viwili, akaenda mwenyewe. Hakumtuma mtu.

Ikayeyuka kwanza. Halafu ukatoka ulimi mdogo wa moto wa bluu, na harufu ile ikapanda. Mama Ngalula akarudi nyuma anakohoa, machozi yanamtoka, mwenye mahindi akakimbia akaacha jiko lake.

Alipopata pumzi aligeuka, na wakuu, ile sauti sijui aliitoa wapi.

"Mumwange! Mumwange yote! Haiko bunga, iko sumu!"

Mimi walikuwa hawanisikii. Yeye walimsikia. Wananunua mchele kwake kila siku, watoto wao wanabatizwa kanisa moja. Mabeseni yakaanza kupinduliwa, na hapo ndipo hatari ya pili ikafika, maana mtu mmoja alimwaga ya kwake kwa hofu, akaimwaga karibu na matairi yanayowaka.

Moto wa salfa mchana hauonekani vizuri. Hilo ndilo linalotisha. Unaona moshi unakuja lakini huoni unatoka wapi. Ukaanza kutambaa kufuata ile njia ya njano iliyomwagika, kuelekea tela.

Kalenga bado alikuwa juu ya mzigo.

"Shuka! Shuka kijana, moto unakuja!" nikamwita.

Akaruka. Nilitegemea atakimbia, mimi ningekuwa yeye ningekimbia. Alikimbilia lori lao. Akafungua bodi la nyuma, akachukua koleo na kuanza kutupa vumbi la mawe juu ya moto. Wenzake wakamuona, wakafuata. Wale wale waliokuwa wananichania mifuko sasa wanapigana na moshi, wamejifunga vitambaa puani. Wengine wanavuta matairi kwa vyuma kunifungulia njia.

Mama Ngalula alinirushia kitenge kilicholoweshwa maji. "Tosha gari! Tosha!"

Nikapanda, nikajifunga usoni, nikawasha. Mbele moshi umeziba kila kitu. Nikavuta pumzi moja, nikaondoa gari taratibu, maana ukikurupuka unamwaga salfa zaidi. Macho yalikuwa yanawaka kama yamepakwa pilipili. Nilikuwa naomba kwa sauti, sikumbuki nilisema nini.

Nilipotokea upande wenye hewa nikaegesha, nikashuka, nikatapika.

Nyuma moto ulikuwa umefunikwa. Lakini Kalenga alikuwa chini. Alivuta moshi mwingi kuliko wote kwa sababu alikuwa mbele kuliko wote. Midomo imebadilika rangi, kifua kinapiga filimbi. Walikuwa wanampandisha kwenye pikipiki wampeleke hospitali, akanishika mkono.

"Yaya," akasema. Kule ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa. "Mama yangu... alishatwala beseni. Kwa nyumba. Batoto."

Mama Ngalula alisikia kwamba beseni limepelekwa nyumbani. Hakuuliza ni nyumba gani, anaijua. Akakunja kitenge chake na kukimbia, mimi nyuma yake. Tukaingia kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi, tunapita kwenye kamba za nguo. Kila mlango anapiga kelele: mwenye bunga ya barabarani aimwage, asiiweke karibu na moto! Tulikuta wengine wawili watatu wanamwaga. Mmoja alikuwa ameshaanza kuichekecha.

Nyumba ya kina Kalenga mlango ulikuwa wazi. Mbabula ilikuwa ndani, kwa sababu nje upepo ulikuwa unasumbua. Mama mtu mzima ameinama juu ya sufuria, mwiko mkononi, wajukuu wamekaa ukutani wanasubiri bukari, yaani ugali. Wamekaa kwa adabu ile ya watoto wenye njaa.

Akainua uso. Hakushangaa hata kuniona.

"Iko bunga ya wapi hii?" akauliza. "Inakatala kukamata."

Anakoroga, anakoroga, haishikani. Inaelea juu ya maji. Na pembeni ya jiko, kwenye sakafu, lile beseni limejaa.

Mama Ngalula akaongea polepole, kama mtu anayemwongelesha mwenye kisu. "Acha mwiko, mama. Pole pole. Toka inje na batoto."

Mimi nikachukua beseni. Wakuu, nimewahi kushuka milima na breki zimekufa. Sijawahi kupima hatua kama nilivyozipima kupitisha lile beseni pembeni ya yale makaa.

Tukatoka wote.

Yule bibi alipoelezwa alikaa kwenye kizingiti. Hakulia. Hakuuliza hata Kalenga yuko wapi, nadhani alishajua kwa kutuona. Aliangalia watoto, kisha akaniangalia mimi.

"Na sasa batakula nini?"

Madereva wenzangu mnajua, chini ya kitanda cha gari hakikosekani kiroba cha sembe na dagaa za safari. Nilirudi kuvichukua. Mama Ngalula akapika uani kwa jiko la jirani, hakuna aliyetaka kuligusa lile la ndani.

Kalenga alipona. Si kama mwanzo, akipanda ngazi anasimama katikati. Koleo la lori hawezi tena, siku hizi anakaa na Mama Ngalula sokoni. Kiwandani walipokea mzigo uliobaki, wakaandika upungufu, mimi na bosi tukamalizana yetu. Turubai lile limeshonwa, linavuja.

Jioni ya siku ile ya moto redio ilisema hakuna uamuzi uliotangazwa, suala linajadiliwa. Tulikuwa uani. Mama Ngalula akaizima.

"Banajadiliana," akasema. Akasugua sufuria. "Minye kesho ninaenda Tunduma. Bakifunga mpaka, banifungie mu macho."

Yaani wafunge yeye akiona. Na alikwenda. Tuliongozana mpaka Kasumbalesa, yeye kwenye basi, mimi nyuma na tela tupu, safari hiyo sikungoja shaba.

Nilichojifunza ni hiki. Ile mifuko ilikuwa na maandishi pande zote, lugha ambayo mimi siisomi na wao hawaisomi. Sasa hivi sitoki bandarini bila kupiga rangi mwenyewe kwenye turubai, Kiswahili na Kifaransa: SI CHAKULA, INAWAKA. Bosi anasema naharibu turubai. Anasema tu.

Na jingine: wale watu hawakuwa wabaya. Waliamuliwa jambo kubwa, au walidhani limeamuliwa, na hakuna aliyekuja kuwaambia ukweli ana kwa ana. Sauti isiyo na jina ndiyo iliyojitokeza kuongea nao, wakaishika hiyo.

Nimemaliza, wakuu. Mnaopita njia ya Likasi na mnaoishi huko, mwageni ya kwenu hapa chini. Nataka hasa kusikia kutoka kwa wafanyabiashara wa Tunduma: ninyi hizi tetesi za kujitoa mnazisikiaje, na wateja wenu wa Kongo wanawaambia nini? Na dereva mwenzangu, ungekuwa wewe, mkono kwenye gia, ungeshuka?