Mwenyeji wa Theluji

Picha ile niliitundika sebuleni, hapa Hounslow, London, juu ya televisheni, mtu akiingia tu aione: mimi katikati ya milima ya Ufaransa, mbao za kutelezea thelujini begani, kifua mbele. Ofisi ndiyo iliyotupeleka, wiki nzima. Picha haikusema kwamba asubuhi ya kwanza nilianguka mara sita kwenye kiteremko cha watoto, nikavua vile viatu vizito, na siku zilizobaki nikazimaliza mkahawani nikinywa chokoleti ya moto. Nje mawingu matupu. Jua sikuliona hata siku moja.

Lakini miongoni mwetu tuliokuja hapa baada ya Mapinduzi, hakuna mwengine aliyekwenda, kwa hiyo mwenyeji nikawa mimi. Na maneno nilikuwa nayo, Mungu anisamehe: soksi jozi moja tu, usiegemee nyuma, lifti ikifika juu shuka upesi. Yote niliyadokoa kwa wenzangu wa ofisini wakati wa chakula.

Ndipo akaja jirani yetu, mjane wa Kipemba aliyefanya kazi ya kutunza wazee, na orodha ya skuli mkononi. Binti yake wa miaka kumi na tatu alikuwa anakwenda kuteleza na wenziwe.

"Kaka, nguo n'shapata. Imebaki hii miwani mikubwa na mafuta ya jua. Ndo lazima?"

Nilicheka. "Dada, jua la Ulaya nalo ni jua? Sisi wa Pemba na Unguja tukanunue mafuta ya jua kwa ajili ya barafu? Hayo ya Wazungu. Mwache mtoto ende."

Akacheka na yeye, akaikata mistari miwili kwa kalamu.

Siku ya pili kule juu mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, na theluji ikalirudisha jua lote usoni mwa yule mtoto. Jioni macho yalimwaka kama yametiwa pilipili. Wiki iliyobaki alilala kwenye chumba cha giza, kitambaa cha maji usoni, asijue kama ataona tena. Baadaye yalipona, alhamdulillahi.

Aliporudi nilikwenda kumpa pole. Alikaa kwenye kochi, kavaa miwani ya jua humo humo ndani, na mamake anamgombeza.

"Ami yako huyu kateleza wiki nzima, macho yake yana nini? Wewe ndo umekwenda kulikodolea jua. Mkaidi!"

Mtoto akajibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba mwalimu kamwambia kila aliyewahi kupanda kule anajua hakuna kwenda bila miwani. Kisha akanigeuzia uso, akingoja.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Neno moja langu lingemtoa lawamani.

"Msamehe, dada," nikasema. "Bado mtoto."