Siku Fundi Pua Alipokuwa na Mafua

Kwanza unasikika mvumo. Shiiii, mwembamba, usiopanda wala kushuka, kama mama anayenyamazisha watoto nyuma ya mlango. Ukisukuma mlango ndipo unaiona: karabai kuukuu inaning'inia kwenye ndoano, nyeupe kuliko asubuhi yenyewe. Chini yake mzee wa miaka sitini na mmoja ameitegea sikio.

"Hii imepona," anasema, kisha anapiga chafya inayotikisa meza.

Wanamwita Fundi Pua. Kwa miaka thelathini na minne ametengeneza karabai na majiko ya pampu, hasa yale makongwe ya kubeba safarini. Zamani, taa kumi na nne zilikuwa kazi ya siku mbili. Siku hizi ni kazi ya mwezi mzima, na wanaozileta ni wapanda milima, watafiti wa porini, na wachache wasio na moyo wa kutupa kitu cha marehemu baba.

Jina alilipata kwa kunusa. Mteja alikuwa akifungua dumu mlangoni, yeye hukohuko ndani akataja kilichomo.

"Walinivimbisha kichwa," anasema. "Pua ikawa ndiyo fundi, mimi mbebaji wake."

Anaishusha karabai na kuonyesha kikombe kidogo chini ya kichomeo.

"Taa yenyewe hukwambia inakula nini. Yenye kikombe hiki cha spiriti hutaka kupashwa moto kwanza. Hiyo ipe mafuta ya taa. Isiyo nacho, mara nyingi hula petroli safi, isiyotiwa dawa za gari. Sasa wa petroli ukimpa mafuta ya taa, atanuna na kukutolea moshi. Lakini wa mafuta ya taa ukimpa petroli, huyo hanuni. Huyo anakurukia."

Saa mbili na nusu anaingia kiongozi wa misafara ya milimani, dumu la lita ishirini mkononi, macho kwenye saa. Wageni wake kumi na wawili wako garini. Taa zake sita zimepangwa mezani, zinang'aa kama za harusi.

"Shikamoo, fundi. Nipe zangu nikimbie."

"Marahaba. Weka dumu hapo. Taa haitoki humu bila kula chakula chake mbele yangu."

"Aa, mzee! Watu watanila mimi. Si unaitwa Pua? Nusa tumalize."

Fundi anamtazama dada yake mkubwa, aliyeketi dirishani akizibua tundu la kichomeo kwa sindano. Anashika sindano kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, vidole viwili vimegandana, na ngozi imekunjamana hadi kwenye kiwiko.

"Leo nina mafua," anasema fundi.

Ni maneno machache, lakini yamemchukua miaka kujifunza kuyasema.

Miaka tisa iliyopita dada yake alimletea jiko la jikoni kwake, pamoja na dumu la mafuta aliloazima kwa jirani. Fundi alikuwa na mafua ya siku tatu. Akainamia dumu, akavuta pumzi, asisikie kitu. Wateja wanne walikuwa wamesimama wakimtazama.

"Niliona haya," anasema. "Pua, halafu niseme siwezi kunusa? Nikamwambia, 'Ni yenyewe hayo, dada. Kapike.'"

Hayakuwa yenyewe. Ilikuwa petroli ya pikipiki. Dada alilala hospitali wiki saba.

"Moto sikuukasirikia," anadakia dada. "Moto kazi yake kuunguza. Nilimkasirikia huyu na haya zake. Angesema tu, 'Dada, nina mafua,' ningekula mkate mkavu siku hiyo, yakaisha."

"Umeanza."

"Sijaanza. Sijawahi kumaliza."

Alipopona alikuja dukani, akavuta kiti, akasema kuanzia siku hiyo pua ya nyumba hii ni yake.

Sasa anafungua dumu la kiongozi, ananusa, ananusa tena. "Humu mna mgeni," anasema.

Fundi anadondosha tone kwenye karatasi. Doa la mafuta ya taa huganda hapo kama deni la ukoo. Hili linasinyaa upesi, linabaki duara hafifu.

"Twende nje."

Uani anamimina kijiko kimoja kwenye kisahani, anafunga kijiti cha kiberiti kwenye ncha ya waya mrefu, anakiwasha.

"Mafuta ya taa ni kama mzee," anamwambia kiongozi. "Humwamshi kwa kumwita mara moja. Petroli ni kijana: hujamaliza jina lake, keshafika."

Kijiti bado kiko shubiri moja juu ya kisahani. Fuu! Kiongozi anaruka nyuma, kofia inaanguka.

Anaiokota taratibu. Kisha anakiri, sauti imeshuka: dumu lilikuwa la jenereta, lilibaki na petroli kama lita kumi. "Nikajazia mafuta ya taa juu yake. Niliona hasara kumwaga. Na hizi taa huwa tunaziwasha ndani ya mahema."

Anaondoka kutafuta dumu jipya. Anarudi baada ya dakika arobaini, wageni wananung'unika garini, na safari hii dada anatikisa kichwa kukubali. Taa sita zinawashwa moja moja, zote zinavuma.

Kiongozi akishaondoka, fundi anachukua nyundo na chuma cha chapa. Ana mpango wa kugonga jina la mafuta kwenye tangi la kila taa na jiko alilowahi kutengeneza, hata ikibidi avifuate majumbani. Amefikisha hamsini na tatu.

"Mimi nikifa na wewe ukifa, chuma kitasema," anaeleza.

"Kufa ni mbali," anasema dada, akijipangusa pua kwa kiganja chenye kovu. "Umeshaniambukiza. Kesho nikiamka nimeziba, je?"

Fundi anaweka nyundo chini.

"Kesho ukiziba, mlango haufunguki, dada. Hata aje nani. Nitakaa pale nje kwenye kiti, na kila atakayekuja nitamwambia kwa mdomo wangu: leo hatuwezi kunusa. Nakuahidi."