Kamba ya Mjomba na Uso wa Mama

Ilianza Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, mjomba alipotoa kamba mfukoni mbele ya jeneza la mama.

Mjomba ana studio ya picha Makambako, karibu na stendi, na macho yake yana ukungu tangu nikiwa shule ya msingi. Lenzi yake ni ya zamani, ya chuma, nzito, ya kuzungusha kwa mkono. Kamera ya mkanda iliyokuja nayo ilikufa, lenzi ikabaki. Siku hizi kila kitu kinaingia, na jirani yake mwenye duka akamletea kutoka Dubai kamera ya dijitali, mtumba, haina lenzi. Mjomba akachongesha pete ya kuziunganisha, akawa anatangaza kwamba amemwoza mzee kwa kigoli. Kamera za namna ile hujitafutia zenyewe uso wa mtu, lakini hii ikivalishwa lenzi ya mjomba haijui chochote, ni mkono wa mtu ndio unazungusha mpaka uso uwe wazi. Yeye uwazi huo hauoni. Kwa hiyo anafunga kamba kwenye kamera, mteja anashika ncha ya pili puani, mjomba anapapasa mafundo, kisha anapeleka lenzi kwenye alama ya rangi ya kucha inayolingana na fundo. Wateja wanalalamika kwamba wanapimwa kama ng'ombe wa mnada. Picha zinatoka safi.

Siku hiyo jeneza lilikuwa barazani kwetu Kifanya, wazi, watu wanaaga. Mama alifia hospitali, Ikonda, Jumatano. Baba alishatangulia zamani. Kaka yangu yuko machimboni Geita, na basi lisingemfikisha kabla ya maziko. Picha za mama akiwa mzima zipo, mjomba alimpiga nyingi. Lakini kaka alisema kwenye simu kwamba asipomwona alivyolala hataamini, atakuwa anamtafuta maisha yake yote. Aliomba hiyo picha tu.

Basi mjomba akashusha ncha ya kamba kuelekea pua ya mama. Mama mkubwa akamkamata mkono.

"Huyu ameshapimwa," akasema, bila ukali. "Fundi wa jeneza kampima jana. Ukimpima tena, unampimia nani?"

Wanawake waliokaa kwenye mikeka wakaitikia kwa Kibena. Mjomba hakubisha, na yeye ni wa huku huku, anajua kamba ya pili inaita maiti wa pili. Akaikunja. Akabaki ameshika kamera kifuani, na nilijua hawezi kitu. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu likizo huwa nakaa studio kwake na nimezoea kuzungusha bila kamba. Unapitiliza kidogo, unarudi. Naipenda kazi ile. Ukiwa nyuma ya kamera hakuna anayekusemesha.

"Piga wewe, mwanangu," akasema.

Nilipiga. Tangu Jumatano nilikuwa sisikii chochote, watu wakinikumbatia nilikuwa nasikia vitenge vyao tu, harufu ya moshi na sabuni. Nikampiga mama picha kama ambavyo ningempiga mteja. Watu wakasogea waone kwenye kioo cha nyuma, maana walishasikia kwamba kamera ya mjomba haisubiri kusafishiwa picha. Mama mdogo mmoja akasema ametoka vizuri, kama amesinzia. Wakaniacha, wakaanza kuimba, na vijana wawili wakainua mfuniko.

Nikaikuza picha pale kwenye kioo. Rozari mikononi mwake ilionekana punje kwa punje. Uso ulikuwa ukungu. Nilikuwa nimezungusha, macho yangu yakakimbilia punje zilizong'aa, nikaishia hapo.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniuliza, jirani yangu ndiye hujibu. Mfuniko ulikuwa umeshafika miguuni pa mama, na kaka alikuwa ndani ya basi huko njiani, na hao watu wote walikuwa wakubwa zangu.

"Msifunike," nikasema. Hawakusikia, wimbo ulikuwa juu. Nikamshika kijana mmoja shati. "Subiri. Sura haijatoka."

Wimbo ukakatika vipande vipande. Mtu akaniuliza nina nini. Niliinama mpaka nikawa karibu na mama kuliko nilivyowahi kuwa tangu augue, nikatafuta kope zake. Nikapitiliza, zikapotea. Nikarudi. Zikaja moja moja, na chini ya jicho la kushoto kuna kovu dogo sikuwahi kuliona. Nilibonyeza, nikakuza, nikahakikisha, nikasema sasa.

Wakafunika. Jioni shangazi aliuliza kwa nini huyu mtoto halii, mama mkubwa akamwambia aniache nile.

Asubuhi yake kaka alishuka barabarani na basi la kwanza, alikuwa amelala Makambako. Nilikwenda kumpokea na kamera. Hakuuliza habari za nyumbani, alinyoosha mkono tu. Jua lilikuwa kali, kioo hakionyeshi kitu, akawa anakigeuza huku na kule, midomo inamcheza. Nikavua kitenge changu kiunoni, nikamfunika kichwa pamoja na kamera, nikabaki na sketi ya shule pale kando ya lami, nimeshika pembe za kitenge upepo usikipeperushe, mpaka mabega yake yalipoacha kutikisika.