Bakuli la Bi Tatu na Viazi Nilivyochimba

Kwa wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali, kilichoninyima usingizi hakikuwa maumivu. Kilikuwa bakuli la bati lenye maua ya kijani, lililokaa kabatini kwa shangazi yangu kule Fukayosi. Ni la Bi Tatu, jirani yake. Kila nikifumba macho nilijiuliza: nikisema ukweli watu watanionaje? Na nisiposema, yule mama ataishi vipi pale kijijini?

Nilikuwa nimemaliza digrii ya biolojia na kurudi Bagamoyo kwa wazazi wangu. Kazi nilikuwa sijapata. Mimi ni mtu wa mawazo. Barua moja ya maombi naiandika, naisoma mara kumi, halafu naogopa kuituma. Ramadhani ilipoingia mama akanipeleka kwa shangazi Mwanaidi. "Kamsaidie shamba," alisema, "na hicho kichwa kikapumzike."

Siku ile shangazi alitaka futari ya viazi vikuu. Kilikuwa kiangazi, majani yamekauka, na kila shina limebaki kamba kavu isiyo na jina. Pembezoni mwa shamba nilichimba viazi vyembamba vilivyopinda kama kiwiko. Shangazi akavigeuza mkononi.

"Mbona vimepinda hivi, mwanangu?"

"Vichanga tu, shangazi. Mimea nimeisomea miaka mitatu."

Akacheka. "Haya msomi, menya."

Nikavichanganya na viazi vingine, nikavipika kwa tui. Kabla ya adhana ya magharibi Bi Tatu akatuletea futari ya kunde kwenye bakuli lake, kama majirani wafanyavyo mwezi huo. Bakuli la mtu halirudi tupu, kwa hiyo shangazi akasema kesho yake angelijaza viazi vyetu vitakavyobaki. Yeye alikula vipande viwili, akasema vina uchungu. Mimi nilikula mpaka nikafungua kanga kiunoni.

Hatukufika daku. Koo liliniwaka, nikatapika mpaka nyongo, kisha nikaharisha maji matupu mpaka nikashindwa kusimama. Shangazi naye alitapika, lakini kulipopambazuka aliweza kutembea. Mimi nilibebwa kwenye gari hadi hospitali mjini.

"Mlikula nini?" daktari aliuliza. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini.

"Futari," nilisema.

"Na kunde za jirani," shangazi akadakia.

Neno hilo lilitosha. Kabla ya Ijumaa kijiji kilikuwa kimeshaamua kwamba Bi Tatu kawatilia watu kitu. Masalia ya viazi yalishamwagwa, ya kunde pia.

Siku ya tatu kuharisha kulipungua, nikadhani nimepona. Kumbe ndiyo kwanza. Miguu ililegea, homa ikapanda, mdomo ukajaa vidonda na fizi zikatoka damu. Vipimo vilionyesha chembe nyeupe za damu zimeshuka vibaya. Siku ya kumi niliinua kichwa, nywele zikabaki kwenye mto. Mama alizikusanya, akazifunga kwenye pindo la kanga yake kama mtu anayefunga kitu cha kurudishwa.

Nywele zile ndizo zilizonifungua macho. Utumbo, damu, nywele: vyote hutegemea seli zinazogawanyika kila siku. Nilikumbuka somo nililokariri kwa ajili ya mtihani tu. Seli si mfuko wa maji. Ina kiunzi chake, kama fito na boriti ndani ya nyumba ya udongo, ila fito hizi hujengwa na kubomolewa mchana kutwa. Kuna mirija midogo sana ambayo, seli inapogawanyika, huvuta nakala za vinasaba kila moja upande wake. Kuna nyuzi nyembamba zaidi zinazoisukuma chembe nyeupe itambae hadi kwenye kidonda. Hata vidole vya miguu hupata mahitaji yao kwa kusafirishwa juu ya mirija hiyo, ndani ya mishipa ya fahamu. Na mwalimu wetu alitutajia mmea wenye sumu inayoizuia mirija isijengeke. Nililichora ua lake kwa rangi mbili. Mzizi wake sikuuangalia.

Nilimwomba binamu yangu aliyeko Fukayosi, bila kumweleza sababu, apige picha pale nilipochimba. Kiazi kimoja kilikuwa kimebaki, kimepinda kama kiwiko. Daktari aliitazama picha muda mrefu, akauliza maswali, akatikisa kichwa kukubali.

"Dawa ya kuiondoa sumu hii hatuna," alisema. "Lakini yenyewe inatoka mwilini, na seli zako hazijasahau kujenga. Sisi tutakupa maji na kukukinga na maambukizi. Tutasubiri."

"Kusubiri nako ni matibabu?" mama aliuliza.

"Kwa leo, mama, ndiyo."

Tukasubiri. Chembe nyeupe zikaanza kupanda, kwanza kidogo, kisha kwa kishindo. Nikakaa, nikasimama, nikafika dirishani nimeshika ukuta. Siku mama alipopitisha kiganja kichwani kwangu, nywele mpya zikianza kuota, akasema, "Zinachoma," tulilia wote wawili. Vidole vya miguu vina ganzi hadi leo, lakini kila wiki eneo la ganzi linapungua.

Kwa hiyo wewe uliyelala wodini na kuona mwili umekuacha, jipe moyo. Ndani yako kuna kazi ya ujenzi usiyoiona. Na usile mzizi usioujua, hata kama umeusomea. Hasa kama umeusomea. Namshukuru Mungu, daktari yule, na mama.

Nilipotoka, mama alinishauri: "Umepona, yaishe." Nikakubali, kwa aibu. Nilirudi Fukayosi kumaliza kupata nguvu. Idi ilikuwa imepita na hakuna aliyempelekea Bi Tatu hata sahani ya pilau. Nilikutana naye njiani.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi, unatembea." Alitabasamu, akapita. Uani kwetu hakukanyaga.

Mvua za masika zikanyesha. Asubuhi moja, kwenye shimo langu, ua lilikuwa limechanua: jekundu, kingo za njano, petali zimegeuka juu, ncha za majani zimejikunja kama ndoana. Mchoro wangu wa darasani, hai.

Alasiri hiyo wanawake walikuwa barazani kwa shangazi wakisuka ukili wa mikeka. Niliweka ua katikati yao, nikaeleza yote.

"Kumbe msomi ndiye aliyetaka kutuulia Mwanaidi," mmoja alisema.

"Ndiyo," nilijibu. "Bi Tatu hakuhusika. Na lau tungelirudisha bakuli lake jioni ile ile, angekula sumu yangu."

Shangazi aliweka ukili chini. "Kunde nilizitaja mimi," alisema. "Twende."

Nililitoa bakuli kabatini, nikalijaza mihogo ya tui niliyopika mchana, na tukaenda. Bi Tatu alitusikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni. Kisha akafunua bakuli.

"Umechimba wewe?"

"Hapana. Nimenunua."

Akakaa kwenye mkeka, akala kipande, akatafuna polepole, akanisogezea bakuli.