Maneno Yanayosemwa kwa Kusimama

Kwetu Kasongo, katika ukoo wetu, bibi harusi hakabidhiwi mpaka shangazi yake asimame mbele ya wakwe na kusema: "Mukimuchoka, musimupige. Mumurudishe kwangu." Hayo hayasemwi mtu akiwa ameketi. Shangazi asiposimama, mtoto amekwenda bila mlango wa kurudi. Mimi nilisimamiwa, na mlango huo niliutumia.

Basi binti wa kaka yangu akachumbiwa huko Kabambare, wakati ambapo mimi kila nikiinuka naona giza na kuanguka.

Kaka akasema ni jini. Akaniletea kombe, maandiko ya zafarani yaliyooshwa kwa maji, na kwa huruma zake akalikoroga na asali. Aka! Mtu ana sukari miaka yote hii, unampa asali! Nikamwambia alinywe yeye, nikaenda lopitali.

Muuguzi alinilaza, akanipima tansio, yaani presha ya damu, na mapigo ya moyo. Akaniambia nisimame, akapima tena, akatikisa kichwa. Mtu akisimama, akanieleza, damu hushuka miguuni, kisha moyo huongeza mwendo na mishipa hujikaza ili damu ipande kichwani. Moyo wangu haukuongeza chochote.

"Mama, sukari imekula mishipa ya fahamu inayouamsha moyo. Na mukojo wako iko na protini. Mafigo imeanza kuumia."

"Imeanza tu?"

"Imeanza tu."

"Basi na mie ndiyo kwanza naanza."

Akacheka bila kupenda. Akanibadilishia dawa, akanifundisha kuinuka upya: keti ukingoni, kanyagakanyaga, kaza mapaja, ngoja, ndipo usimame.

Kaka hakutaka kusikia. "Ukianguka pale, watasema tumemuleta mutoto na nuksi. Muke wangu atasema kwa nafasi yako."

"Muke wako ni mama yake! Mama kazi yake kulia. Kusimama ni kazi yangu."

Nilikasirika. Mimi niliyeuza samaki wa Nyangwe juani maisha yangu yote, leo nikunjwe nisimamishwe pembeni kama mkeka uliochakaa? Wallahi, sikubali.

Tukaenda Kabambare kumkabidhi mtoto. Njia ilikuwa matope matupu. Kila pikipiki iliposimama, sikushuka mara moja. Nilikaa kwanza, miguu chini, mpaka kichwa kitulie. Dereva alinung'unika. Na anung'unike.

Sebuleni kwa wakwe, zamu yangu ikafika. Nikasogea ukingoni mwa kiti, nikaanza kukanyagakanyaga. Watu wakanigeukia. Mmoja akakohoa. Mama mkwe akamtazama mwenzake. Nilikuwa na hofu, nisidanganye, hofu ya kumwangukia mtoto yule mbele ya watu wake wapya.

Kaka akainuka. "Dada yangu iko mugonjwa, acha mie niseme..."

"Ikaa," nikamwambia. "Moyo wangu iko njiani."

Akaketi. Nikakaza mapaja, nikakunja ngumi, nikasimama. Giza likaja. Nikalingoja, likapita. Bibi harusi alikuwa amefunikwa uso, lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania pindo la kitenge changu.

Nikayasema maneno yote, polepole. Kisha nikayasema tena, maana bado nilikuwa nimesimama.